Gari Lililokula Barabara

Juma lililopita fundi mmoja wa magari, kijana asiyependa maneno mengi, alichomoa chujio la hewa kutoka kwenye gari la rafiki yangu, akaligonga mara mbili kwenye tairi, akalitupa kwenye pipa la taka. Lilikuwa la karatasi iliyokunjwakunjwa, jepesi kama kiota cha chiriku. Vumbi lililotoka humo lilinifikia puani likiwa limechanganyika na harufu ya mafuta ya taa aliyokuwa akinawia mikono, nami nikasahau nilichokuwa nikimwambia rafiki yangu. Nilikuwa mtoto tena, nimechuchumaa uani kwetu Ng'ambo, mjini Tabora, kidevu juu ya magoti, nikitazama mikono ya baba.

Baba alikuwa seremala. Alitengeneza vitanda na masanduku ya maharusi, na miaka ile vijiji vya ujamaa vilipokuwa vinachipuka pande zote za Tabora, alitengeneza pia milango na madawati ya shule zao. Kila kilichotoka chini ya randa yake kilisafiri kwenye pikapu ya kijani aliyoinunua ikiwa maiti kutoka kwa mkulima mmoja wa Kizungu, aliyekuwa akifunga mizigo kurudi kwao mara tu baada ya bendera kubadilishwa. Baba aliifufua polepole, kipande kwa kipande. Mtaani waliiita Uhuru kwa sababu ilikuja wakati ule ule, na pia, walisema wachokozi, kwa sababu kila raia alikuwa na haki ya kuisukuma.

Ijumaa asubuhi, kabla ya kuoga kwenda msikitini, baba aliacha mbao zake, akafungua boneti na kutoa eaklina, chujio la hewa la magari ya zamani zile. Kilikuwa chombo cheusi cha bati, kinene kama sufuria ya wali wa watu sita, kimekaa ubavuni mwa injini. Chini yake kulikuwa na bakuli lililoshikwa na vibanio viwili. Ndani ya bakuli mlikuwa na mafuta, na juu yake wavu wa nyuzi za chuma zilizosokotana kama nywele zilizokosa kitana. Hewa iliyokuwa ikienda kwenye injini ilipita hapo kwanza, ikagusa mafuta, ikaacha vumbi lake, ikapanda kwenye wavu na kuingia ndani ikiwa safi. Leo naweza kuyaeleza hayo bila taabu. Wakati ule nilikuwa bado sijaanza darasa la pili, na nilijua jambo moja tu kwa hakika, kwamba lile bakuli ndilo tumbo la gari.

Ningefikiri nini kingine? Baba alimwaga mafuta ya juu, yaliyokuwa meusi na mepesi, na chini yake kukabaki tope zito, laini, lenye kung'aa. Alilichota kwa kijiti cha mbao, akalipaka juu ya ubao, akalitazama kama mtu anayesoma barua. Kisha akaniita nami nisome.

"Hili jeusi la mbugani," alisema, "tulipopeleka milango kule Lusu. Hili jekundu unalijua."

"La Goweko."

"La Goweko. Ona lilivyo laini. Unga wa muhogo haufiki hapa."

"Linafanya nini humo ndani, baba?"

Baba alicheka, penseli ikicheza juu ya sikio lake. "Linaliwa. Gari hili linakula barabara, mwanangu. Ndiyo maana kila Ijumaa tunalipeleka chooni."

Akalimwaga lile tope chini ya mpapai, akaosha bakuli na wavu kwa mafuta ya taa, akautundika wavu kwenye kamba ya nguo ukauke katikati ya kanga za mama. Mwisho akamimina mafuta mapya. Ndani ya bakuli mlikuwa na mstari uliochongwa kwenye bati, na baba alipiga goti, jicho sawasawa na mdomo wa bakuli, akamimina mpaka mafuta yaliugusa mstari ule bila kuupita. Hakuniambia kwa nini. "Mstari ni mstari," alisema tu. Kwa seremala mstari haujibu maswali.

Ningeuacha mzaha wa baba upite kama mizaha yake mingine, lakini nyumbani mlikuwa na bibi, mama yake baba, na bibi alikuwa na habari nyingine kuhusu barabara ile ya kwenda Goweko. Baba yake alikuwa mpagazi. Alikwenda pwani mara nne na kurudi, pembe ya ndovu begani, kwa miguu, katika msafara wa watu wengi kiasi kwamba wa mbele walikuwa wanapika wakati wa nyuma bado wanasikia majogoo ya Tabora. Bibi alisimulia hayo akichambua mchele, bila kuinua kichwa, kama mtu anayesema habari za jirani.

"Njia ile haikulimwa na mtu," aliniambia siku moja. "Imetengenezwa kwa nyayo. Vumbi lake ni wao wenyewe, mjukuu wangu. Jasho lao, ngozi ya miguu yao. Ukipita pale kanyaga kwa adabu."

Usiku ule sikula vizuri. Nilikuwa nimeyaunganisha mambo mawili. Gari la baba lilikuwa linawala babu zetu, na kila Ijumaa baba, mtu mwema asiyekosa swala, alikuwa anawamwaga chini ya mpapai. Tangu hapo nikaanza kuona ushahidi kila tulipotoka mjini. Kila shimo lililokuwa barabarani lilikuwa na umbo la pande lililomegwa. Palipokuwa na mashimo mengi, nilielewa kwamba pale gari lilikuwa na njaa sana. Na mapapai yetu, ambayo majirani waliyasifu kwa utamu, nilikoma kuyala, nikisingizia tumbo.

Sasa nieleze habari ya harusi.

Baba mdogo Saidi, mdogo wake baba, mshonaji, mtu mpole mwenye sauti ya chini, alikuwa amemposa Zena wa Goweko, binti wa mkulima wa tumbaku aliyeitwa Mzee Maganga. Harusi ilikuwa imekwisha kuahirishwa mara mbili. Mara ya kwanza bibi yake Zena alifariki katika wiki ile ile. Mara ya pili tulikwama sisi. Baba alikuwa na kazi nyingi za vijiji, mwezi mzima hakuigusa eaklina, na msimu ulikuwa wa vumbi. Pikapu ikakosa pumzi katikati ya mbuga, ikakohoa, ikazima, na tulipofika Goweko shehe wa kuozesha alikuwa ameshapanda treni kurudi kwao. Ilikuwa ni baada ya siku ile ndipo Ijumaa ya baba ikawa haikosi.

Mzee Maganga alikuwa mwenyekiti wa kijiji chake, na alijulikana. Alfajiri alipiga filimbi ya kwenda shamba la ujamaa, na aliyechelewa alikuta jembe lake limefungiwa stoo na jina lake linasomwa mkutanoni. Alituletea ujumbe kwa mdomo wa mtu wa reli: "Mara ya kwanza ilikuwa ya Mungu. Ya pili ilikuwa ya gari. Ya tatu, shehe akinyanyuka kwenda kupanda treni yake na ninyi hamjafika, nitajua ni ya bwana harusi mwenyewe. Mkeka nitaukunja, na wala sitaukunjua tena." Baba mdogo aliposikia hayo alijidunga sindano kidole cha gumba, na kwa siku kadhaa alishona mikono ya mashati kwenye shingo.

Jumamosi, siku moja kabla ya harusi, baba aliosha eaklina tena, ingawa jana yake alikuwa ameiosha. Jumapili, wanaume walipokuwa msikitini kwa swala ya alfajiri, ua ulikuwa umejaa moshi wa kuni na harufu ya maandazi. Bibi alikuwa amekaa kwenye kigoda akisimamia ulaji. Kwetu ilikuwa aibu kubwa upande wa bwana harusi kufika ukweni na njaa, wakaonekana wanapigana na sahani za watu. Kwa hiyo kila atakayesafiri alilishwa kwanza.

"Ongeza," bibi alimwambia shangazi. "Ongeza tena. Mtu ashibe kwao. Aliyeshiba kwao hamegi cha watu."

Mlango wa chumba cha uani ukafunguliwa, akatoka Bwana Pazi, mpangaji wetu, Mzaramo, mfanyakazi wa reli.

"Wapagazi wangu mmeamkaje?" aliuliza.

"Tumeamka vizuri, mvivu wetu," bibi akajibu. "Wenzako wako msikitini."

"Nimeshasali. Nimewaombea gari lisiwake."

Hakuna aliyeshangaa. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani tangu zamani za misafara, tangu babu zetu walipofika pwani na mizigo kichwani wakakuta babu zake wamekaa wanawasubiri. Mtani anaweza kukutukana mbele ya mama yako, kukunyang'anya kofia msibani, kumfichia bwana harusi viatu, na ukikasirika aibu ni yako. Bwana Pazi alikuwa amealikwa Goweko rasmi kwa kazi hiyo.

Lakini mimi nilikuwa nimebaki kwenye neno la bibi. Aliyeshiba kwao hamegi cha watu. Lilikuwa jambo rahisi sana, na nilishangaa kwamba watu wazima hawakuwahi kulifikiria. Nikachukua kopo la mafuta chini ya benchi la baba, nikapanda juu ya kreti mbele ya pikapu, ambayo baba alikuwa ameiacha boneti wazi, nikafungua kibanio cha kushoto, kisha cha kulia, nikaliteremsha bakuli kwa mikono miwili kama anavyoteremshwa mtoto aliyelala. Mafuta yalikuwa palepale kwenye mstari, sawasawa, mafuta ya mtu anayepima. Nikayaona machache. Ni nani anasafiri mpaka Goweko na tumbo nusu? Nikamimina mpaka yakajaa kabisa, yakatuna juu kidogo kama maji yanavyotuna kwenye kikombe kilichojaa. Kulirudisha bakuli mahali pake kulinichukua muda, na mkono wangu wa kulia ulilowa mafuta mpaka kwenye kiwiko cha gauni jipya. Nikalifunga, nikajitanda kanga ya mama, nikaenda kula andazi langu la kwanza la siku ile kwa moyo mweupe. Nilikuwa nimewaokoa babu zetu wote.

Tuliondoka jua likiwa bado limelala juu ya mapaa. Mbele walikaa baba, bibi na baba mdogo Saidi katika kanzu nyeupe na kilemba alichokikunja mwenyewe kwa ustadi wa fundi. Nyuma tulikaa wanawake na tari zao, Bwana Pazi na mimi. Gari lilipowaka lilitoa moshi mweupe kidogo, na Bwana Pazi akasema hata lenyewe linavuta tumbaku kwa furaha ya kwenda Goweko. Wanawake walianza kuimba kabla hatujavuka reli. Mimi nilikuwa nimeshika ubavu wa pikapu, nikitazama barabara ikitoka chini yetu, nyekundu, nzima, haijaguswa, na furaha niliyokuwa nayo sijaipata tena mara nyingi.

Tulipokwisha kupita nusu ya safari, njia ikaanza kuwa na mashimo. Kila pikapu ilipodunda, moshi uliongezeka, na haukuwa mweupe tena, ulikuwa wa samawati na mzito, ukanuka kama kikaango kilichosahauliwa jikoni. Nyimbo zikafifia. Gari likakohoa mara moja, likakohoa tena, likatetemeka mwili mzima, likazima katikati ya mchanga. Pande zote mbili hakukuwa na kitu ila miyombo na sauti ya nyenje.

"Babu zenu walikuja mpaka kwetu kwa miguu, pembe begani," Bwana Pazi alisema. "Leo mmebeba kilemba tu, mmeshindwa kufika Goweko."

"Nyamaza, Pazi," alisema baba mdogo, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayetaka kulia.

Baba aliteremka. Alifungua boneti, akaangalia, akaenda moja kwa moja kwenye eaklina. Alipofungua kibanio cha kwanza, mafuta yalimwagika juu ya viatu vyake vya sikukuu. Akalitoa bakuli, akaliinua mpaka usawa wa macho. Sisi nyuma tulikuwa tumeshuka, tumezunguka.

"Mafuta haya si yangu," alisema polepole. "Mimi sipimi hivi. Yamejazwa mpaka pomoni, yakapanda kwenye wavu, injini ikayanywa." Akainua macho. "Nani amefungua hapa?"

Nilihisi masikio yangu yanapata moto. Kwa hiyo gari lilikuwa limevimbiwa. Nilikuwa nimelilisha kupita kiasi, kama yule mtoto wa jirani aliyekula mbaazi za maulidi akabebwa kwenda zahanati. Nikaivuta kanga, nikaficha mkono. Wakati huo shangazi mmoja akacheka kicheko kidogo, na mmoja baada ya mwingine watu wote wakageuka kumtazama Bwana Pazi. Nani mwingine angefanya hila kwenye gari la harusi?

Bwana Pazi alifungua mdomo kukana. Nilimwona. Kisha macho yake yakaniangukia mimi, yakateremka kwenye kanga yangu, mahali ambapo ilikuwa imepata doa jeusi sawasawa na kiwiko. Akafumba mdomo. Akaurekebisha mkanda wa suruali.

"Mlidhani nitawaacha mkaoe kirahisi namna hiyo?" alisema.

Baba aliutazama uso wake. Alikuwa na hasira kubwa na hakuwa na ruhusa ya kuitoa. "Pazi," alisema, "umeniua."

"Sijakuua. Nikikuua nitamcheka nani?"

Bibi akateremka mbele, akavua kanga ya begani, akamchapa nayo mgongoni mara tatu. Vilikuwa vipigo vya utani, ila cha tatu kilikuwa na uzito. Bwana Pazi akavipokea huku akiniangalia kwa jicho moja, nami nikatamani barabara ile ile niliyoiokoa inimeze.

Kazi ikaanza. Baba alimwaga mafuta yaliyozidi kidogo kidogo, amepiga goti mchangani na kanzu yake ya harusi, jicho sawasawa na mdomo wa bakuli, mpaka yakarudi kwenye mstari. Wavu ulikuwa unachuruzika. Akaufunga kwa kamba, akasimama mbali na watu, akauzungusha juu ya kichwa chake kama mtu anayewinga ndege shambani, na mafuta yakaruka pande zote. Wanawake wakainama, wakakimbia, kisha mmoja akaanza kupiga tari kufuata mzunguko ule, na wengine wakadakia. Sijui kama harusi nyingine iliwahi kuwa na ngoma ya eaklina. Halafu baba akatoa plagi zikiwa zimelowa, akasema anataka kitambaa safi, kisichoacha nyuzi.

Watu wakajitazama. Kila mtu alikuwa amevaa vumbi. Baba mdogo Saidi akapandisha mikono kichwani, akaanza kukikunjua kilemba.

"Saidi, acha," alisema bibi.

"Chukua, kaka," alisema baba mdogo. "Zena anaolewa na mimi, si na kilemba."

Baba alizifuta plagi kwa kilemba kile, moja baada ya nyingine, akakipitisha na ndani ya bomba la hewa, kikatoka kama tambara la jikoni. Bwana Pazi, kwa adhabu, alipewa kazi ya kupuliza plagi zikauke, na akapuliza mashavu yakamvimba, akilalamika kwamba hata mkoloni hakumfanyisha kazi hii. Jua lilikuwa limeshavuka utosi. Gari liliwaka mara ya nne, likatapika moshi wote uliobaki, kisha sauti yake ikasafika. Hakuna aliyeimba. Baba aliendesha bila kukwepa shimo.

Tuliingia kwa Mzee Maganga na kumkuta shehe amesimama, mfuko mkononi. Mtu wa stesheni alikuwa amekuja kusema treni imeshatoka Tabora. Mzee Maganga mwenyewe alikuwa amesimama mlangoni, mrefu, mkavu kama mti wa kukaushia tumbaku, na chini ya kwapa lake kulikuwa na mkeka. Ulikuwa umekunjwa. Nyuma ya pazia la dirisha nililiona jicho moja lililopakwa wanja, limejaa maji.

"Shikamoo, mzee," alisema baba.

"Marahaba. Mara hii ni nani?"

"Mimi," akadakia Bwana Pazi akijisogeza mbele. "Mimi mtani wao, Mzaramo. Nimewajazia mafuta kwenye eaklina wakazimikiwa njiani. Kwa hiyo kuchelewa huku si kwao, ni kwangu, na wewe Mnyamwezi huwezi kunichukia. Kunjua mkeka."

Niliuona uso wa Mzee Maganga ukilegea kidogo pembeni mwa mdomo. Uani watu wakaanza kucheka. Ndipo nilipoelewa jambo lililokuwa linatokea, kwamba uongo wa Bwana Pazi ulikuwa ndio mlango pekee uliobaki wazi, na kwamba nikinyamaza tu tutaingia wote.

"Ulifanyaje?" Mzee Maganga akauliza. "Nieleze, nami nicheke."

"Si kazi kubwa. Nilichukua spana, nikalegeza zile skrubu nne..."

"Hakuna skrubu," nilisema.

Sikuwa nimekusudia. Niliapa baadaye, na hata leo naweza kuapa. Lakini nilikuwa nimekaa mbele ya chombo kile Ijumaa nyingi mno, na kuna maneno ambayo sikio haliwezi kuyaacha yapite. "Ni vibanio viwili. Unaanza na cha kushoto, kwa sababu cha kulia kimepinda."

Kicheko kikakatika uani kama kamba. Bwana Pazi akafumba macho. Baba akageuka kunitazama, na sitasahau jinsi uso wake ulivyopita kutoka kwenye kutoelewa mpaka kwenye kuelewa, polepole, kama mtu anayevuta droo iliyokwama.

"Njoo hapa," alisema Mzee Maganga.

Nilikwenda. Akachuchumaa, mkeka bado kwapani, akaiondoa kanga yangu, akauona mkono wa gauni.

"Kwa nini?"

Nikamwambia yote, kwa sababu sikuwa na cha kuficha tena. Kwamba gari letu linakula barabara. Kwamba vumbi la barabara ni babu zetu, wapagazi, na baba anawamwaga chini ya mpapai kila Ijumaa. Kwamba bibi amesema aliyeshiba kwao hamegi cha watu, ndiyo maana nikalishibisha. Watu wakaanza kucheka tena, lakini Mzee Maganga akainua kiganja chake na wakanyamaza.

"Babu yako alikwenda mara ngapi?" aliniuliza.

"Mara nne."

"Wangu alikwenda mara moja," alisema. "Hakurudi. Hatujui alilala wapi." Alikitazama kidogo kile kipande cha barabara kilichoonekana nje ya ua. Kisha akasimama, na magoti yake yakalia.

"Huyu mwongo wa pwani," akasema kwa sauti ya mkutano, "sina ruhusa ya kumchukia. Lakini mtoto huyu si mtani wangu. Ni mtoto wa watu, amenichelewesha, na mimi nilisema neno langu, na neno langu mnalijua." Baba mdogo Saidi alikuwa amekishika kile kilemba kilichochafuka kwa mikono miwili, kama mtu aliyeleta zawadi mbaya. "Sasa. Kama Saidi angekuwa mkwe wangu, binti huyu angekuwa mjukuu wangu. Na mjukuu ni mtani wa babu yake, hana kosa. Shehe, treni iko wapi?"

"Nadhani imekaribia, mwenyekiti."

"Basi weka mfuko chini. Nipatie mjukuu upesi, kabla sijamkasirikia."

Mkeka ulikunjuliwa na mikono mingi kiasi kwamba ulikaribia kuchanika. Shehe alisoma kwa haraka ya mtu mwenye tiketi. Mzee Maganga akaushika mkono wa baba mdogo, akamwoza binti yake, na baba mdogo, ambaye siku zote tulilazimika kumwambia arudie alichosema, alisema "nimekubali" kwa sauti iliyosikika mpaka stesheni. Vigelegele vikapasuka nyuma ya pazia. Shehe akanyakua mfuko wake na kukimbia, kanzu imepandishwa mpaka magotini.

Nimeandika sana tangu siku hizo, na nimesoma vitabu vya watu wanaojua sheria, lakini sijaona hukumu iliyonipendeza kuliko ile. Hakusema sikukosa. Alitafuta udugu ambao kosa langu lingeweza kukaa ndani yake bila kumuumiza mtu, na alipouona hauna budi kutengenezwa, akautengeneza pale pale.

Na kabla hajapokea pongezi za mtu yeyote, babu yangu mpya alinigeukia, akanitukana.

"Na wewe," alisema, "mchuuza mafuta wa Ng'ambo, mwenye mikono kama ya mkaanga sambusa, nani amekuruhusu kukanyaga mkeka wangu?"

Nilimtazama bibi. Bibi akatikisa kichwa kukubali, akinihimiza kwa mkono. Sikuwa nimewahi kumtukana mtu mzima maishani mwangu. Nikavuta pumzi, nikamwambia kwamba mkeka wenyewe umechakaa kama ndevu zake, na kwamba hata panya wa Tabora wasingeulalia.

Ua mzima ukalipuka. Bwana Pazi akarusha kofia yake juu. Na baba, ambaye hakuwa amesema nami neno tangu tulipoingia, alicheka mpaka akashindwa kusimama, akakaa chini kwenye vumbi la Goweko na kanzu yake yenye mafuta, akifuta machozi.